Nyumba ya Mbao Juu ya Etaje

Ubao namba kumi na saba ulikwama kwenye ngazi, kati ya etaje, yaani ghorofa, ya pili na ya tatu, na mtaa wetu mzima wa Mabanga ukawa na la kusema. Waliokuwa chini walitaka usukumwe. Waliokuwa juu walitaka urudishwe hadi mlangoni, ulazwe ubavu, uanze safari upya. Fundi Gauthier, seremala wetu, ambaye penseli haimtoki sikioni hata kanisani, alikuwa amebanwa baina ya ubao na ukuta mpya, anagomba kwa heshima zote.

"Charline! Hizi ngazi njo weye ulizichora?"

"Njo mimi, Papa Gauthier."

"Siku ingine, mbele ya kuchora, ubebe kwanza kitu."

Kicheko kikapanda ngazi zote, kuanzia barabarani hadi juu kwenye zege. Mama yangu alicheka kuliko wote. Alikuwa amekaa huko juu kabisa kwenye kiti cha plastiki, amevaa kitenge anachokitoa sandukuni siku za harusi tu, akingoja nyumba yake imfikie kipande kwa kipande. Nami nilikuwa nimeshika ncha ya ule ubao, jasho linaniingia machoni, furaha imenijaa hadi pumzi zinakuwa fupi. Miezi kumi na minane kabla ya siku hiyo, mama na mimi tulikuwa hatusemezani.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimetoka shule na diploma ya ujenzi na kichwa kikubwa, na kazi yangu ya kwanza niliamua iwe nyumba yetu wenyewe. Nilichora jengo la ghorofa ya chini na etaje tatu juu yake, kuta za matofali ya saruji, choo na bomba ndani ya kila makao, madirisha mapana yanayotazama volkano ya Nyiragongo. Kaka yangu Adalbert, ambaye huleta maharagwe kutoka Butembo na kuyauza hapa Goma, alikuwa tayari kujenga. Lilibaki neno moja tu la mama, maana kiwanja, au parsele, ni chake. Na juu ya kiwanja hicho ilisimama nyumba yake ya mbao, vyumba viwili na sebule, imepakwa mafuta machafu ya gari ili mchwa wasiiguse. Ili plani yangu isimame, nyumba hiyo ilibidi iondoke.

Tuliketi uani Jumapili moja baada ya misa. Adalbert aliwaita majirani pia, kwa sababu etaje haimhusu mwenye kiwanja peke yake. Yeye ndiye aliyeanza.

"Goma imejaa," alisema. "Huku ziwa, kule mupaka, kule volkano. Fasi imebaki moja tu." Akaonyesha mawingu kwa kidole. "Tunagombania mita mbili za parsele, na huko juu hakuna mutu."

Papa Barthélemy, mkubwa wa nyumba zetu kumi, alimtazama kwa huruma kidogo. "Na siku mulima utatikisika, mutakimbilia wapi na hizo ngazi zenu?" Hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Mwaka wa matetemeko nyumba za matofali zilipasuka kuanzia msingi, lakini zile za mbao zililia tu kama kitanda cha zamani, kisha zikanyamaza. Nilimjibu kwa habari ya nondo na nguzo, nikamchorea hapo chini kwenye vumbi jeusi hadi akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akasimama Mama Nsimire, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Na jua yangu? Nguo zangu nitazianikia kwa plani?" Nikaliandika hilo daftarini, na kweli baadaye nililisogeza jengo mita mbili kwa ajili yake. Nilikuwa na jibu la kila mtu siku ile. Nilijipenda sana.

Mama aliuliza swali moja tu.

"Charline, ndani ya ile nyumba yako, Nsimire akinisalimia asubui, nitamusikia?"

Inabidi nieleze. Nyumba yetu na ya Mama Nsimire zilitengana hatua moja tu. Kwa karibu miaka ishirini mama na Mama Nsimire walikuwa wakiamkiana kupitia mbao, kabla ya yeyote kufungua mlango. Kupitia mbao hizo mama alijua mtoto wa nani amekohoa, nani amepata mgeni, nani ameweka sombe, yaani kisamvu, motoni bila mafuta ya mawese na anatakiwa kupelekewa kikombe. Marehemu baba alipougua ghafla, hatukuita mtu. Walisikia, wakaja.

"Utamupigia simu, mama," nikasema.

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Mama alikunja mikono, akasema "Basi," na kikao kikaishia hapo.

Adalbert hakukata tamaa. Aliona mama aonjeshwe maisha ya etaje, atazoea. Akampeleka kwa Vanessa, binti wa mjomba wetu, anayepanga katikati ya mji, etaje ya tatu, vigae hadi jikoni. Akae wiki moja. Siku ya pili, saa nne asubuhi, tukamwona mama anashuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba, begi mkononi.

Kumbe asubuhi ile aliamka kama kawaida yake. Akausogelea ukuta, akaugonga kwa ngumi, akapaza sauti: "Mumelamuka?" Kimya. Akagonga tena kwa nguvu zaidi, akidhani wenyewe ni wazito wa usingizi. Upande wa pili kulikuwa na bwana mmoja wa ofisini, aliyeishi hapo miaka minne bila Vanessa kujua jina lake. Yule bwana akaogopa, akamwita mlinzi. Mlinzi akapanda mbio na rungu mkononi.

"Mama, kuko shida gani?"

"Shida hakuna. Ninasalimia."

Mtaa ulikicheka kisa hicho kwa mwezi mzima, na mama mwenyewe alikisimulia vizuri kuliko wote, na ngumi akiionyesha. Lakini mimi hakunisimulia. Mimi alinipa chakula, akanipa maji ya kuoga, maneno hakunipa.

Jumatatu moja nikamkuta nyuma ya nyumba anang'oa misumari. Kila msumari aliulaza juu ya jiwe la volkano, akaunyoosha kwa nyundo, akautupa kwenye kopo la maziwa. Ubao mmoja ulikuwa tayari chini.

"Mama, unafanya nini?"

"Weye na kaka yako munataka parsele. Muchukue. Mimi ninaenda na nyumba yangu Kibumba, kwa shamba yangu ya viazi."

Aliyasema bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimepata neno la mama nililolitaka, na lilikuwa na maana kwamba mama anaondoka. Nikachukua nyundo ya pili nikaanza kung'oa. Tukafanya kazi hivyo karibu saa nzima, bega kwa bega.

Ubao wa tano ulipoanguka kifudifudi, niliona namba. Kwa ndani, kwenye pembe, palikuwa na 23 ya rangi ya bluu. Niliangalia mwingine: 24. Nikaingia ndani, nikasogeza mapazia na kalenda za parokia, na kila ubao ulikuwa na yake. Mama akaniambia ni mkono wa baba. Walipohama kutoka kiwanja cha kupanga kuja hapa, baba aliiandika nyumba yote, wakaibeba na majirani, wakaisimamisha tena kwa siku mbili. Mimi nilikuwa mdogo. Nilichokumbuka ni mandazi tu. Nilisoma miaka mitano kuchora majengo, na hiyo ilikuwa plani safi kuliko zangu zote, nami nilikuwa nimelala ndani yake utoto wangu wote. Nililia. Sioni haya kusema.

Nikaokota kipande cha mkaa. Juu ya ubao nikapiga hesabu ya uzito: mbao zote, mabati, misumari, kitanda, mama, na wageni wake kumi wakija kwa mara moja. Jumla haikufika nusu ya tangi la maji nililokuwa nimepanga kuliweka juu ya jengo. Nikarudia mara mbili, jibu likawa lile lile.

"Mama, na kama ingepanda?"

"Nini ipande?"

"Nyumba. Ikae juu ya etaje. Namna iko. Tangi tutaweka chini, na pompi."

Mama alishusha nyundo. Kisha akaanza kucheka, polepole kwanza, halafu akalazimika kukaa chini. Kutoka upande wa pili wa mbao tulimsikia Mama Nsimire naye anacheka. Alikuwa amesikia yote.

"Ngazi zikuwe fupi-fupi," mama akasema alipopata pumzi. "Na mulango utazame kwa Nsimire."

Basi, jengo liliposimama tukaanza kuzipandisha mbao kwa namba zake, na ndivyo ubao namba kumi na saba ulivyofika pale ulipokwama. Ulitoka, bila shaka. Gauthier aliukata mkono wa ngazi, nami nikaulipia kwa kutaniwa hadi leo. Jioni mabati yalikuwa yamegongwa, na waliobeba walikula maharagwe ya Adalbert juu ya paa, miguu ikining'inia, wakibishana kama hiyo sasa ni etaje tatu au nne. Siku hizi watu wengine hunipa viwanja vyao niwachoree. Kabla sijashika rula, huwauliza wanaamkiana na nani. Wananiona kituko, lakini wanajibu.

Usiku ule nililala sebuleni kwa mama. Asubuhi nikamsikia anafungua mlango, nikamfuata. Chini yetu Mabanga ilikuwa imejaa moshi wa majiko, na mbali zaidi ulionekana mtaa wa Katoyi. Mama akasogea kwenye ukuta wa ukingo, akasema kwa sauti yake ya kila siku: "Mama Nsimire, mumelamuka?"

Hakuna aliyejibu. Mama Nsimire alikuwa mbali, chini kabisa. Moyo wangu ulishuka etaje zote tatu, nikajua nimeharibu.

Mama akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zote.

Mama Nsimire akatoka mlangoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, ndipo akainua kichwa. "Tumelamuka! Na weye huko kwa malaika?" Kabla mama hajajibu, Papa Barthélemy akaitikia kutoka uani kwake, mswaki mdomoni. Akafuata Mama Munezero, anayeuza samaki wadogo barabara ya tatu, ambaye tangu ahamie huko mama alikuwa hajamwamkia. Kisha mtu tusiyemjua kabisa. Kwenye etaje za chini yetu madirisha ya wapangaji wapya wa Adalbert yakafunguka moja moja, nao wakatoa vichwa, wakaanza kuulizana majina.

Ilichukua robo saa. Mama alirudi nilipokuwa nimesimama, sauti imemkauka, macho yanang'aa. Akaupigapiga ukuta wa saruji kwa kiganja, mara ya kwanza kuugusa kwa mapenzi.

"Charline."

"Mama."

"Adalbert hawezi kuongeza ingine?"

"Ingine nini?"

"Etaje. Batu ya kule Katoyi habajanisikia."