Tangi Lililojazwa Mara Mbili

Taa ya injini iliwaka baba alipotoka tu kituo cha mafuta, naye akalileta gari moja kwa moja gereji kwa mwanawe fundi. Aliliegesha sambamba na ukuta kwa mkupuo mmoja, bila kurudi nyuma kujipanga upya. Alikuwa ameendesha mabasi ya masafa marefu tangu ujana, na bado aliegesha kama mtu anayepewa alama.

"Mafuta machafu," alisema akishuka. "Wametuuzia maji. Mwambie dada yako hivyo kabla hajaanza."

Fundi alielewa kwa nini dada alitajwa mapema hivyo. Mwezi uliopita baba alikuwa akimpeleka mama kliniki ya miguu, akaishia stendi ya zamani ya mabasi, akazima injini na kutangaza kwamba abiria washuke. Mama alicheka aliposimulia. Dada hakucheka. Aliita kikao, yeye na fundi wakakubaliana: kosa jingine moja, funguo zinachukuliwa. Baba aliambiwa usoni. Tangu siku hiyo kila kilichoharibika nyumbani kilikuwa na mkosaji, na mkosaji hakuwa yeye.

Fundi aliwasha injini akasikiliza. Ilinguruma sawasawa. Mafuta yenye maji yangeifanya ikohoe. Alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani. Ikaonyesha hitilafu katika sehemu inayozuia mvuke wa petroli usivuje. Mara nyingi huwa ni kifuniko cha tangi kisichokazwa, na alitumaini ni hicho, maana kifuniko hufungwa na mhudumu wa pampu. Alikikuta kimekazwa barabara, mpira wake mzima.

Aliingia chini ya gari na kuchomoa bomba la kopo la mkaa, chombo kinachonasa mvuke huo. Mkaa wake hutakiwa kuwa mkavu. Petroli ilimchuruzikia hadi kiwikoni.

"Baba, ulijaza mpaka wapi?"

"Mpaka shingoni. Nikalitikisa hewa itoke, nikaongeza."

"Pampu si ilijikata?"

"Pampu inajikata kwa woga. Sisi tulipewa mafuta alfajiri, ya kwenda na kurudi. Asiyetikisa basi alilala porini na abiria wakimtukana mama yake."

Fundi alicheka huku chini. Kumbe ni mazoea, si kichwa kuharibika. Angeweza kumweleza dada hivyo bila kusema uongo. Lakini mkaa ulikuwa umeloa kupita kiasi, na hakupenda kueleza jambo asilolihakikisha. Alifuta mikono, akavuka barabara hadi kituoni.

"Basi la Mzee limepata nini?" aliuliza kwa utani mhudumu wa pampu, binti mwenye kofia iliyopauka.

"Taa imewaka. Leo alilitikisa?"

"Kila akija analitikisa. Asubuhi alilitikisa, tukacheka, akaenda zake. Aliporudi ndiyo hatukucheka."

"Alirudi?"

"Hata chai yangu haijapoa. Akasema jaza, tangi tupu. Nikamwambia, Baba, tumejaza sasa hivi. Nikadhani ananitania, maana ananitania kila siku. Akanipokonya mpini, akajaza mwenyewe, yakamwagikia mpaka kwenye viatu." Alirekebisha kofia. "Usimgombeze, kaka."

Lilibaki jambo moja. Geji mbovu, inayosema tupu wakati tangi limejaa, ingemrudisha kituoni mtu yeyote. Fundi alikaa kwenye usukani, akageuza ufunguo. Mshale ulipanda hadi juu. Alizima, akawasha. Aligonga dashibodi, akatikisa nyaya zake, akaliendesha gari juu ya matuta ya uani. Kila mara mshale ulirudi palepale. Alirudia majaribio hayo mara nyingi kuliko yalivyohitajika.

Baba alikuwa kwenye benchi, akisugua viatu kwa gazeti.

"Umepata nini?"

"Kopo la mkaa limeloa. Litabadilishwa. Mafuta ni safi, Baba. Ulijaza mara mbili."

"Mara moja," alisema baba bila hasira, kama anayemsahihishia mtoto hesabu. Kisha akaviangalia viatu. Aliinuka, akakaa kwenye kiti cha dereva, akautazama mshale.

"Geji hii mbovu?"

"Nzima."

"Ukimwambia dada yako ni geji, ataamini. Yule hajui gari lolote zaidi ya rangi yake."

"Ataamini," fundi alikubali.

Baba alingoja, akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Kesho mama yako ana kliniki."

"Nitampeleka mimi."

"Wewe unakanyaga breki kama unaua nyoka. Mguu wake utamuuma."

Ilikuwa kweli, fundi alijua. Alinyoosha mkono. Baba aliuchomoa ufunguo, akautenga na ule wa nyumba, akaufuta petroli kwa shati kabla ya kumpa.

Baba alishuka, akazunguka upande wa pili ili apelekwe nyumbani. Katika gari lile yeye hakuwahi kuwa abiria. Alipapasa mkanda begani asiupate, maana aliutafuta upande wa dereva, na fundi ilimbidi ainame mbele yake kumfungia.

"Polepole hapo getini," baba alisema. "Kuna shimo."

Fundi alikuwa amekwisha kuliona. Alikanyaga breki, na vichwa vyao viwili vikasukumwa mbele kwa pamoja.