Asiyejibu Hawekewi Mikono

"Unataka kudumu katika imani hii mpaka kufa?" mchungaji aliuliza mara ya pili, na mara ya pili binti yake akanyamaza.

Wenzake wa kipaimara walikwisha kujibu. Alibaki yeye peke yake, amepiga magoti mbele ya madhabahu, kidole kinafumua uzi wa gauni jeupe.

Mji ule mdogo ulimpokea mchungaji akitoka nchi ya mbali, na mpaka leo watu humwigiza jinsi anavyoburuta maneno, naye hucheka nao. Leo hakuna aliyecheka.

Kwenye benchi la nyuma alikaa fundi seremala. Mwaka jana kijana wake alikwama hapohapo, woga tu, mchungaji akamrudisha darasani. "Asiyejibu hawekewi mikono," alisema. "Hata angekuwa mwanangu." Kijana hakuonekana tena, darasani wala kanisani. Sasa fundi alikuwa ametulia tuli, anatazama.

Jana jioni binti alisimama mlangoni. "Baba, nina neno."

"Baada ya ibada, mwanangu. Mahubiri bado hayajakaa sawa."

"Msikilize mtoto, mume wangu," mkewe alisema, akipiga pasi lile gauni. "Tangu juzi hajatia kitu mdomoni."

"Woga huo. Kesho mchana atakula mpaka sahani."

Laiti angeweka kalamu chini.

"Sema ndiyo tu," sasa alinong'ona, ameinama. "Mengine tutaongea nyumbani."

"Nilitaka tuongee nyumbani, Baba." Hakupandisha sauti. "Sijui kama naamini. Nikisema ndiyo nitakuwa nimekudanganya mbele za watu."

Mkono wa mchungaji ulikwisha kuinuka juu ya kichwa cha mtoto. Auteremshe kichwani mwake vipi, na fundi yule anamtazama? Auondoe vipi, na huyu ni damu yake? Maneno yote aliyojifunza katika lugha ya watu hawa yakamkimbia, na ya nchi alikotoka nayo yasije.

Binti akangoja. Kisha akainuka, akapita katikati ya mabenchi bila kugeuka, mama yake nyuma yake nusu anakimbia, nusu anatembea.

Mpiga kinanda, asijue la kufanya, akaanzisha wimbo wa kufungia. Watu wakasimama mmoja mmoja, wakaimba. Mkono wa mchungaji ulikuwa bado hewani, na chini yake mto wa kupigia magoti ulikuwa ukiumuka taratibu, pale ulipokuwa umebonyea.