Mikono Mitatu

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tatu ya mwezi wa nane, saa nne kasorobo asubuhi, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Siku mbili kabla, wakubwa walikuwa wameamuru kinga ya chuma ing'olewe kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka, eti inachelewesha kazi. Mama Pasi akasukuma shuka kama alivyosukuma miaka kumi na tisa. Mashine ikalimeza, pamoja na mkono wake wa kulia.

Aliyekimbia kuizima ni Kimya, mwanamke aliyetoka nchi ya mbali. Miezi saba walikuwa wakikunja mashuka pamoja, mmoja huku, mwingine kule, bila kupatana. Mama Pasi alianzia urefu, Kimya alianzia upana, na kila shuka likawa ugomvi.

Wodini, Kimya alikuja kila siku baada ya zamu. Anaketi, anatazama ukuta, hata pole hasemi. Siku ya nne uvumilivu ukamwisha Mama Pasi.

"We bibi, umekuja kunisubiri nife?"

Kimya akashtuka. "Hapana, dada. Kwetu mgonjwa hasemeshwi, unammalizia nguvu. Nakaa tu, usiwe peke yako."

"Kwetu anayemnyamazia mgonjwa anamtakia mabaya!"

"Basi nitasema. Niseme nini?"

"Chochote! Nyapara wetu bado ananenepa?"

"Bado. Vifungo vya shati vinaomba msamaha."

Mama Pasi akacheka mpaka mkono ukamuuma. Mawifi zake, waliojaa nyumbani enzi za uhai wa kaka yao, hawakuonekana. Wakubwa ndio kabisa, hata salamu. Aliyemwogesha, akamsuka nywele na kumlisha ni huyo huyo mgeni aliyemnunia miezi saba.

Akarudi kazini na mkono mmoja. Wa pili ulining'inia tu. Wakubwa wakatoa amri nyingine: jozi ambayo ndani ya wiki tatu haitafikisha mashuka mia nne kwa zamu, nje. Mama Pasi hakuwa na kazi nyingine, wala umri wa kuitafuta.

Kimya akauacha upana wake. Mama Pasi akawa anabana pembe moja ubavuni kwa kiwiko kibovu, pembe nyingine mkono wa kushoto, na Kimya anamfuata na pembe zake mbili, anapokea, anarudi, anafuata tena. Alitembea mara mbili ya wenzake. Jioni miguu ilikuwa imevimba, na wote wawili hawana hamu hata ya kuvua viatu. Lakini wiki ya tatu walifikisha mia nne na sita.

"Mikono mitatu hiyo," Mama Pasi akasema.

"Na mdomo mmoja," Kimya akajibu. "Wangu umeshachoka kukuongelesha."

Ijumaa mchana nyapara akaingia akijifuta jasho, nyuma yake wanaume wanne wamebeba mashine mpya.

"Hii inakunja yenyewe. Inataka mtu mmoja tu. Wakubwa wamesema mchague wenyewe."

Wakubwa wenyewe, kama kawaida, hawakuja. Kimya bila kazi hana kibali cha kuishi nchini. Angerudishwa kwao ndani ya mwezi. Mama Pasi bila kazi, nani angemwajiri na mkono ule? Wakatazamana juu ya shuka lililonyooshwa katikati yao, hakuna aliyeachia pembe.

"Jamani, nasubiriwa," nyapara akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Nani kati yenu abaki?"