Saba Walioenda Eringeti

Mwaka 2002, wakati wa vita, Melchior alipigwa risasi Eringeti, alikokwenda kununua mpunga. Habari ilimfikia mkewe, Kanyere, mjini Beni akiwa anamenya ndizi. Aliambiwa mwili umelala kando ya barabara na hakuna anayethubutu kuusogelea.

Kanyere alikuwa ameimba kwaya katika kanisa lao miaka kumi na tisa. Alipofika pale akilia, hakuna aliyemwambia avumilie. Shemasi Abdias alivua koti, akauliza, "Nani anaenda na miye?"

Wanaume sita wakasimama.

"Baba Shemasi, muache tu," Kanyere alimsihi. "Ile barabara ni mubaya. Batawaua."

"Mama, Melchior ni mutu wetu. Hatuwezi kumuacha pale kama mbwa."

Waliondoka saba. Siku ya tano wakarudi sita, wakisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, iliyobeba miili miwili. Abdias alipigwa risasi wakiwa tayari njiani kurudi, karibu na Oicha.

Makaburi yalichimbwa bega kwa bega. Kanyere hakuweza kumtazama Débora, mke wa Abdias, aliyeachiwa watoto watano. Jumapili tatu hakukanyaga kanisani. Ya nne alikwenda, akakaa nyuma karibu na mlango ili atoke kabla ya baraka.

Watu wakiwa wanaimba, Débora aliinuka kule mbele, akapita katikati ya kanisa zima na kitenge chake cheusi.

"Sogea, mama."

Kanyere alisogea. "Débora, ni mimi niliua bwana yako."

"Nyamaza." Débora akakaa kando yake. "Nilikukasirikia. Hata leo asubuhi, basi nisikudanganye. Lakini humu ndani, nani mwingine anajua namna ninaamka?"

Wakalia pamoja mpaka mahubiri yakaisha. Hawakusikia hata neno.

Baadaye Kasonia, kaka yake Kanyere, alikuja kutoka Butembo kumchukua. "Twende. Kule nyumba iko, na makanisa iko mingi."

"Iko mingi, kaka. Lakini ni batu gani kule bataenda kuniletea mufu wangu?"

Kasonia alirudi peke yake.

Kanyere hakuimba tena kwaya. Kila Jumamosi huenda kulima shamba la Débora. Siku nyingine hupiga soga kidogo. Siku nyingine Débora haitiki hata salamu, na Kanyere huchukua jembe lake akaanza kupalilia mihogo.