Walichozikwa Nacho Watoto wa Killeen

Mume wangu Malachy Durkan alikuwa na sauti mbili: moja ya kuitia ng'ombe, nyingine ya kuongea na Wamarekani. Binamu yake Loretta alipovuka bahari kutoka Cleveland hadi kwetu Erris, ile ya pili ilianzia mlangoni.

"Karibu nyumbani, damu yetu!" akasema, machozi yakimlengalenga.

Nilikuwa jikoni nakaanga soseji za damu. Niliongeza moto ili mafuta yapige kelele kuliko yeye.

Loretta mwenyewe hakuwa na makuu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mwenye koti moja la mvua. Mama wa bibi yake, Sabina Durkan, aliondoka hapa akiwa msichana, hakurudi tena. Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea wafu, alikuwa akiwasha mshumaa bila kusema ni wa nani, mpaka siku alipokuwa anakata roho ndipo akataja kwamba kuna mtoto wake alimzika kwao kabla ya kupanda meli.

"Mtoto hakubatizwa," Loretta alituambia, "kwa hiyo makaburini alikataliwa. Nimesikia akina mama waliwawekea watoto hao jiwe jeupe. Nimekuja kumwekea lake, basi."

"Nitakupeleka mwenyewe," Malachy akasema, mkono kifuani.

Alitupeleka kwenye konde la juu, linalotazama bahari. Akasimama chini ya mti wa miiba, akavua kofia. Akasimulia jinsi Sabina alivyopanda kilima usiku wa mvua, kitoto kikiwa ndani ya shali. Loretta akapiga magoti, akayabusu majani yenye matope, akaweka jiwe lake. Nami nililia. Mimi nimeolewa hapa nikitokea Roscommon, sikuwa na sababu ya kumpinga.

Tuliporudi, Mama Winnie, mama mkwe wangu, alikuwa karibu na moto, blanketi magotini. Loretta akamshika mikono.

"Mama, nimemwona mtoto wetu! Pale juu, chini ya mti."

"Juu wapi?"

"Konde la juu."

"Nani kakudanganya, mwanangu? Juu hakuzikwa hata paka. Killeen iko huku chini, lilipo banda la ng'ombe." Killeen ndivyo wanavyoita huku uwanja wa kuzikia watoto wasiobatizwa.

Malachy akacheka. "Mama kazeeka, Loretta. Siku hizi anachanganya mambo."

"Ninachochanganya ni dawa," Mama Winnie akasema, "na hizo unanichanganyia wewe."

Loretta alimtazama Malachy, kisha akainuka, akavaa koti. Mimi nikachukua buti zangu za mpira.

Ilikuwa Machi, ng'ombe walikuwa wamefungiwa tangu majani kuisha. Banda la Malachy lina sakafu ya zege yenye nyufa zilizoachwa makusudi. Ng'ombe wanakunya na kukojoa, vyote vinadondoka kwenye shimo lililo chini yake. Kinyesi cha msimu mzima kilikuwa kimefika karibu na sakafu, kikitoa mapovu. Harufu yake haikai nguoni tu. Inakaa kwenye meno. Loretta aliinama kwenye ufa, akatazama chini, akatapika. Nilimshika paji la uso asianguke.

Malachy alitufuata, mikono mfukoni.

"Ulichimba shimo hili mwenyewe?" nikamuuliza.

"Mashine ilichimba."

"Uliona nini?"

"Dervla, twende ndani, mgeni anapata baridi."

"Malachy. Uliona nini?"

Akainua mabega. "Vimifupa. Vidogo, kama vya kuku. Vingine ukivigusa vinavunjika. Ulitaka nifanye nini, nimwite askofu? Zege lilikuwa limeshaagizwa."

"Ukavipeleka wapi?"

Macho yake yalimsaliti. Yalikwenda kwenye njia inayotoka barabarani hadi mlangoni kwetu. Mwaka ule alipojenga banda, aliiinua ile njia kwa kifusi, nami nikamsifu kwamba gari halizami tena. Nilikuwa nimeikanyaga kila siku. Nilikuwa nimeifagia. Nyayo zangu zikaanza kuwasha ndani ya buti.

"Na Cormac wangu?" Mama Winnie alikuwa amefika mlangoni mwa banda, ameegemea ukuta, blanketi bado limemzunguka. "Kaka yako Cormac, aliyenitoka kabla padri hajafika. Nilikuonyesha alipo ulipokuwa mtoto, nikakushika mkono. Naye umemfukia kwenye njia?"

"Mama, hao hawakuwa hata na majina."

"Nimekutajia jina lake sasa hivi!"

Malachy akamgeukia Loretta, na bila aibu akairudia ile sauti ya Wamarekani. "Binamu, samahani sana. Sisi wakulima maskini..."

"Ukiniita binamu tena," Loretta akasema, akijifuta mdomo, "nitatapikia viatu vyako."

Nilichukua beleshi. Nikaanzia mlangoni kwetu, nikaondoa kokoto, nikachimba. Loretta alichukua uma wa samadi. Malachy alisimama akitutukana, kwamba tumerukwa na akili, kwamba trekta lake litapita wapi. Jirani yetu Packy Lavelle aliposikia kelele alikuja kuamua ugomvi. Nilipomweleza, akasema, "Dada wa mama yangu yumo humo," akaenda kuleta beleshi lake. Wengine wakafuata. Wengi walikuwa na mtu wao.

Tulichopata hakikujaza hata kikapu. Lakini udongo wote wa njia, ule uliotoka shimoni, tuliubeba, toroli kwa toroli, na padri kijana akafungua lango la makaburi bila kuombwa. Mama Winnie aliketi kwenye kiti, akisema jina la Cormac kila toroli lilipopita, maana nani angejua lipi ni lake. Loretta hakusema jina, kwa kuwa Sabina hakuacha jina. Alishika tu udongo kwa mikono miwili.

Tuliporudi, Malachy alikuwa mezani. Alikuwa amejipakulia zile soseji, anakula, mafuta yanamtiririka kidevuni.

"Mmemaliza maigizo?" akasema. "Chai iko wapi?"

Nilimtazama akitafuna. Mwanamume niliyelala naye miaka yote hiyo, nikamwona kama kitu nilichokikuta chini ya jiwe.

Siku hizi naishi Belmullet mjini na Mama Winnie, vyumba viwili juu ya duka la nyuzi. Loretta hupiga simu Jumapili. Malachy naye hupiga, analalamika kwamba majirani hawamsalimii kanisani. Mama Winnie humsikiliza kidogo, kisha hunipa simu kwa ncha za vidole, na kwenda kunawa mikono.