Mate ya Rashidi

Kwa miaka minne Rashidi alikula peke yake. Sahani yake, kijiko chake na kikombe chake vilikuwa na rafu yao, na majirani wa mtaa wa Simi-Simi walipomkaribisha kwenye sinia alisema ameshakula. Wakamwona ana maringo. Fundi cherehani mwenye maringo si habari mpya, kwa hiyo wakamwacha na maringo yake.

Kumbe masikini alikuwa anaogopa mate yake mwenyewe.

Mambo yalianza alipozaliwa Nassoro, mjukuu wake wa kwanza. Katika ukoo wao mzee hutafuna tende mpaka ilainike, kisha humpaka mtoto mchanga kidogo kaakaani, ili aanze dunia kwa utamu. Rashidi aliifanya kazi hiyo kwa furaha, na wiki nzima akawachosha wateja wake kwa kusimulia jinsi mtoto alivyomnyonya kidole. Kabla ya siku arobaini kutimia, homa ikamchukua Nassoro. Mwezi uliofuata daktari akakipapasa kivimbe kilichokuwa chini ya sikio la Rashidi, na vipimo viliporudi akamwambia ni kansa ya tezi ya mate. Katika maneno hayo yote Rashidi alisikia moja tu: mate. Akajihukumu palepale, na hukumu hiyo hakumwambia mtu.

Uvimbe ulikatwa, mdomo ukabaki umekwenda upande. Mwaka uliofuata alizaliwa Safi, mdogo wake Nassoro, na mama yao Malika, binti wa Rashidi, akampigia baba yake simu kutoka Bengamisa: tende ipo, tunakungoja. Rashidi akasema mguu unamsumbua. Mara nyingine akasema nguo za sikukuu zimemzidi. Mwishowe Malika akaacha kupiga, na simu ya mzee ikawa ya kutazamia saa tu.

Basi mwaka huu daktari wake, Gertrude, akamwita. Kipande cha uvimbe na damu kidogo, ambavyo Rashidi mwenyewe alikubali vipelekwe ng'ambo kwa utafiti, vilikuwa vimeleta majibu. Daktari alijua anazungumza na fundi, akamweleza kwa lugha ya nguo. Mfuko wa koti jipya huwa umeshonwa mdomo, alisema. Mfuko upo, kitambaa hakijachanika, lakini mkono hauingii. Katika seli za uvimbe wake, alama ndogo za kikemia ziitwazo methyli zilikuwa zimebandikwa kwenye DNA, zikaifunga jeni inayozuia seli zisizaliane ovyo. Kwenye damu yake alama hizo hazikuonekana, yaani zilikuwa kwenye uvimbe tu.

Rashidi aliuliza swali alilolibeba miaka minne.

"Na mate yangu, docteur? Inaweza kuua mutoto?"

"Hapana, papa. Kansa haipite mu mate. Nani alikuambia vile?"

Hakuna aliyemwambia. Kesho yake asubuhi alipanda pikipiki kwenda Bengamisa, vumbi likamjaa hadi kwenye kope, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alipofika yote yakamtoka. Malika alikuwa anamenya mihogo, na nyuma yake amesimama msichana wa miaka mitatu. Rashidi hakungoja kiti. Akasema yote akiwa wima: tende, Nassoro, kansa, sahani ya peke yake. Akasema aliamini amemuua mtoto wa Malika, na aliogopa kumuua wa pili.

Malika aliweka kisu chini. Alikuwa amekasirika, na macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Nilikungoja mpaka siku ya saba," alisema. "Bon, nikamutafunia Safi tende mimi mwenyewe. Nilisema papa amenikataa."

"Sikukukataa."

"Nassoro alikufa na malaria, papa. Ku lopitalo walimupima, walituambia. Ungeniuliza tu."

Kweli, Rashidi hakuuliza. Alilia waziwazi mbele ya binti yake, na kwa ule mdomo uliopinda hata kulia hakuweza vizuri. Malika akamsogezea kiti, lakini hakumshika.

Mtoto alikuwa amemtazama muda wote huo. Akavuta kitenge cha mama yake, akauliza huyu mzee ni nani.

Malika akaokota kisu na muhogo wake.

"Umwambie wewe mwenyewe," alimwambia baba yake.

Rashidi akachuchumaa, akajitambulisha kwa mtoto kwa jina, kama mgeni anavyofanya.