Mtufaha Uliopata Baridi Peke Yake

Siku ile mjinga alikuwa Moha, na mpaka leo ukimuuliza anakubali bila kushikwa shati. Alisimama mbele ya mtufaha wa Haji Benaser, mikono kifuani, akamsihi mwenye shoka awe na huruma.

Ni desturi ya bonde lile la chini ya mlima Ayashi. Mti ukigoma kuzaa, mmoja anauinulia shoka na kuutukana, mwingine anaudhamini. Aliyeudhamini atasimama kati yake na shoka lolote mpaka mavuno. Akivunja ahadi, hapewi tena kibarua, wala ushahidi wake hausikilizwi na mtu.

Mwaka ule miti iligoma kwa sababu majira ya baridi hayakuja. Mtufaha ni kama mlevi: usipopata usingizi wake wa kutosha kwenye baridi, jua la masika litaubembeleza bure. Februari watu walilima kwa fulana. Aprili ikaingia, na bonde zima matumba yamekaza kama ngumi.

"Nitakukata, mshenzi wewe!" Haji Benaser alifoka, shoka juu. "Unakunywa maji ya kisima changu, halafu unanivimbia!"

"Mwache, Haji," Moha akajibu kama desturi inavyotaka. "Mimi ndiye mdhamini wake. Mwaka huu atazaa."

Asubuhi yake mti ule ukapasua matumba, ukawa mweupe mpaka ncha za matawi. Ni huo tu. Shoka halikuhusika. Tangu Desemba chini ya mti ule kulikuwa na sakitu, umande ulioganda kuwa barafu, duara la ukubwa wa mkeka, isiyoyeyuka hata saa saba mchana. Moha aliiona kila siku na akaipenda, maana ndipo alipopozea mtindi wake.

Alipokuwa akichimba mfereji wa maji kuzunguka shina, jembe likagonga kiwiko. Kilikuwa cha Zayd, kaka yake Moha, ambaye tangu vuli Haji alikuwa akiwaambia watu kwamba amekwenda Hispania. Fuvu lilikuwa limepasuliwa mahali pawili. Barafu ilijaa kwenye masharubu, na mizizi ilikuwa imemkumbatia mbavu.

Zayd akafumbua macho. Akauliza kama chemchemi ya kijiji imerudi.

"Bado," alisema Moha.

Zayd akafumba macho.

Haji hakukana. "Alikuja kuvunja pampu yangu, eti inawakaushia chemchemi. Nikampiga sururu. Akainuka, nikamwongeza. Ningejua ana baridi kiasi hiki ningemzika katikati ya shamba." Askari walikuja, wakapima sakitu kwa viatu, wakanywa chai ya shiba, yale majani machungu, na kula mkate wa shayiri. Wakaandika kwamba mti una afya.

Halafu akaja Tuda, mke wa Zayd, na shoka lenye makali. Mumewe hakuweza kutolewa bila kukata mizizi. Moha akasimama mbele ya shina.

"Toka, shemeji."

"Nimeudhamini, Tuda."

"Umedhamini kuni! Aliye chini ni tumbo moja na wewe!"

"Ningejua ningefunga mdomo."

"Huo mdomo haujawahi kufungwa. Ngoja nikusaidie."

Akamtandika kwa kisogo cha shoka. Meno mawili yakaangukia kwenye sakitu na kuganda hapo hapo. Moha akamkamata mkono, akausokota huku analia, mpaka kifundo kikalia kama kijiti. Vibarua wa Haji wakamwangusha Tuda, mmoja akamkalia mgongoni, mwingine akampiga mateke ya mbavu kwa utulivu, kama mtu anayeshindilia udongo. Petali zikawadondokea wote. Nyuki hawakuacha kazi. Bonde zima halikuwa na ua jingine la kwenda.

Kijiji kikakusanyika. Wakamwinua Tuda, wakamfuta damu puani, na mabishano yakaanza. Kina mama walisema maiti ni maiti, apelekwe makaburini. Wanaume walisema hilo ni kweli kabisa, ila matufaha ya mwaka huu ni ya mti huu tu, na atakayeukata atawaeleza watoto wao watakula nini. Mzee mmoja akainama, akamuuliza Zayd mwenyewe anaonaje. Zayd alijibu kwamba anaumwa kichwa.

"Sikiliza, mwanangu," Haji akamwambia Tuda kwa upole, sururu begani. "Mimi si mnyama. Mwache alale mpaka Oktoba. Mti ukishazaa tutamtoa, tutamwosha, nitachinja fahali, utakula nyama mpaka usahau. Kuna ubaya gani?"

Vichwa vikatikiswa kukubali. Hata kina mama walianza kuziangalia petali kwa jicho la mpishi.

"Ni miezi michache tu, shemeji," alisema Moha, damu ikimtoka kidevuni. Bado alikuwa ameegemea shina.

Tuda alikuwa ameushika mkono wake uliovunjika kama mtu aliyembeba kuku. Akatazama safu za mitufaha, moja baada ya nyingine mpaka kwenye ukuta wa mawe, zote zimekaza matumba.

"Haya, mume wangu ameutosha huu mmoja," akasema. "Na ile mingine yote, Haji, umeshaichagulia nani?"